Vifuko vya Eda

Aprili 19

Khitma ya mwisho ilisomwa jana. Leo mikeka ya watu imerudishwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa, na nyumba imebaki na wanawake wawili ambao hawajawahi kuwa na la kuambiana: mimi na Bi Fahima, mama wa marehemu mume wangu.

Naandika kwa sababu sina wa kuzungumza naye. Bakr ndiye niliyekuwa nikizungumza naye, tena kwa simu, kila siku baada ya isha, yeye hapa Amu, Lamu ya watu wa bara, na mimi Nairobi. Ndoa yetu imepita zaidi hewani kuliko nyumbani. Alikuwa fundi wa friji na mashine za barafu. Jumamosi ile alikwenda kutengeneza mashine ya wauza samaki, akaketi juu ya kreti kupumzika, akaegemea ukuta. Wenzake walidhani amesinzia. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilikuwa hapa, nimekuja kwa likizo ya Idd, niko jikoni namenya vitunguu vya chakula chake cha mchana.

Sasa nina eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii, bila manukato, bila hina, bila dhahabu, bila kutoka. Ndugu zangu wamekuja kutoka Faza, wamelia, wamerudi Faza. Silalamiki. Hata ningeruhusiwa kutoka, sijui ningekwenda wapi.

Aprili 20

Mvua kutwa.

Aprili 23

Wageni sasa ni wa kuhesabika. Wanaingia, wanasema “Innalillahi”, wanauliza kama nakula, wanatazama saa.

Kuna jambo linaniudhi na nimeona nilitoe hapa kabla halijanitoka mdomoni. Kila siku karibu na magharibi Bi Fahima anawasha makaa huko chini kwenye chumba cha nyuma, anatia ubani ndani ya chetezo, na moshi unapanda ngazi mpaka kwangu. Mimi nimekatazwa hata sabuni yenye harufu, naye anafukiza. Maji yangu ameyatenga kwenye jagi la plastiki. Aliponiletea alisema, “Haya yako hayana ubani, mwanangu. Wewe una eda.” Basi. Akashuka.

Mama wa maiti sheria imempa siku tatu tu za kuomboleza, mke ndiye mwenye miezi. Naona yeye zake zimekwisha, na nyumba yake lazima inukie.

Aprili 30

Nicodemus amepiga simu. Ni mwenzangu wa maabara Nairobi, Mkamba mwenye moyo mzuri na sauti ya kutangazia mpira. Alinipa pole tena, akakohoa, nikajua kuna jambo.

“Profesa anataka jibu kabla ya katikati ya Julai,” alisema. “Kamati inakaa wakati huo. Kama vifuko havijafunguka, utafiti unafungwa, Saadiya. Nimejaribu kumwelezea hali yako.”

“Akasemaje?”

“Alisema anakuombea.”

Niandike wazi ili nisije nikajidanganya. Nimeshughulika na vifuko hivi tangu nianze shahada ya udaktari. Ziko dawa nzuri ambazo haziwezi kuingia ndani ya seli ya mtu, zinaishia nje mlangoni. Mimi natengeneza vifuko vya polima, vidogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haivioni, na dawa inakaa ndani. Seli inakimeza kifuko na kukifungia kwenye kichumba chake chenye uchachu. Uchachu ule ndio unaotakiwa kukifungua kifuko, dawa itoke, ienee. Kifuko kikifunguka kabla ya kufika, dawa imemwagika njiani. Kisipofunguka kabisa, seli imemeza jiwe.

Vyangu havifunguki. Vinaingia vizuri, vinakaa humo vimefungwa. Hiyo ndiyo kazi yangu yote, na ina muda mpaka Julai, nami niko ndani mpaka Agosti.

Mei 3

Poda ya polima ninayo hapa. Niliichukua nilipokuja, imekauka ndani ya chupa ndogo za kioo, kwa sababu Bakr alikuwa ameniundia mashine ya kukorogea na nilitaka kuijaribu mbele yake. Ni feni ya kompyuta mbovu, ameigandisha sumaku mbili, akaifunika kwa kifuniko cha mkebe wa maziwa. Unaweka chupa juu yake, ndani ya chupa unatia kipande kidogo cha sumaku, nacho kinazunguka chenyewe polepole. Mashine ya dukani ni ghali na inapiga kelele. Hii inanong’ona tu. Iko chumba cha nyuma, mahali alipokuwa akifanyia kazi zake za nyumbani, ndani ya kidaka cha ukutani, baina ya bisibisi zake.

Nimemfuata Bi Fahima jikoni nikamuuliza kama si vibaya kufanya kazi nikiwa na eda. Nilitayarisha hoja kama niko mbele ya watahini. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso.

“Kazi gani?”

“Kukoroga maji kwenye chupa, Mama.”

“Utatoka?”

“Sitatoka. Wifi Hadil atanipelekea.”

“Kazi ya mikono haina neno,” akasema. “Ndia ndiyo usishike, usitoke nje.” Akaendelea na nazi yake.

Mei 6

Nimeanza. Poda inayeyushwa, inaachwa ikauke iwe utando mwembamba chini ya chupa, kisha unatia maji yenye chumvi yake maalumu pamoja na rangi ambayo, kwa majaribio, inashika nafasi ya dawa. Halafu unakoroga na kungoja. Vifuko vinajijenga vyenyewe. Hakuna mkono unaovishona. Utando unanyonya maji, unavimba, unajikunja, unafunga mlango wake. Nimeyaona haya mara nyingi na bado yananishangaza.

Nimekaa na mashine mpaka adhuhuri. Ukiifungia macho ni kama mtu anayepumua.

Mei 9

Umeme umekatika kutokana na mvua. Mashine imenyamaza nami nimelia, kwa feni ya kompyuta.

Mei 14

Hadil amechukua chupa ya kwanza. Yeye ni wifi yangu, dada mdogo wa Bakr. Ameolewa mtaa wa Langoni na anakata tikiti katika ofisi ya basi huko Mokowe, bara, kwa hiyo anavuka kila siku. Nimempa chupa ndani ya thamosi yenye barafu, aipandishe basi la Nairobi kwa Nicodemus.

“Wifi, hii ikimwagika watu wa basi watageuka mazombi?”

“Watageuka kijani tu.”

“Poa. Kijani inawafaa.” Akacheka, kisha akajikumbuka, akatazama kiti cha kaka yake, akaondoka haraka.

Mei 19

Havikufunguka.

Nicodemus amenitumia picha. Seli zinaonekana nyeusi na ndani yake kuna vidoa vidogo vya kijani, vimejaa, vimekaa kama punje. Vingefunguka, seli nzima ingewaka. “Vimeingia vyote,” alisema kunifariji. “Mlangoni hakuna tatizo.”

Nilitaka kumpigia Bakr. Mkono ulishafika kwenye jina lake. Simu yake iko kwenye droo hapa chini ya kitanda nilichokalia, imezimwa. Kama ningekuwa Nairobi ningetoka nitembee mpaka barabarani, ninunue mahindi ya kuchoma. Hapa nimetembea kutoka dirishani mpaka kitandani. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, nao ukuta una unyevu wenye umbo la kuku.

Mei 20

Kuku wa ukutani ameota bawa. Mvua.

Mei 27

Chupa ya pili. Matokeo ni yale yale. Nimebadilisha chumvi, nimebadilisha muda wa kukoroga, vidoa ni vile vile.

Na leo Bi Fahima amesema. Tulikuwa tunakula, mchuzi wa papa na wali, na nikasema, ili tu kuwe na sauti mezani, kwamba chakula ni kitamu.

“Bakr alikipenda,” akasema. “Alikila peke yake, hapo ulipo. Nikimwambia, mke wako yuwapi? Akinambia, Mama, yuwatafuta dawa.” Akaokota mwiba kwenye sahani. “Umeipata?”

Niliacha wali kwenye sahani. Nilipanda juu. Magharibi moshi ukapanda nyuma yangu. Namwona ni mwanamke mgumu. Ameniweka humu kunihesabia makosa, na ubani wake ni wa kunikumbusha kwamba nyumba ni yake, na harufu ni yake, na mtoto alikuwa wake kabla hajawa mume wangu. Naandika haya nikijua si mazuri. Ndivyo ninavyoona leo.

Juni 3

Hakuna jipya. Nimepanga bisibisi za Bakr kwa urefu, nikazirudisha zilivyokuwa.

Juni 6

Idd ya mfunguo tatu, ya kuchinja. Takbira zimesikika tangu alfajiri. Watoto wa mtaa waligonga mlango kwa mkono wa Idd, Bi Fahima akawapa peremende. Hakuna aliyepanda juu isipokuwa Hadil, na yeye alikuwa amevaa vizuri mpaka akaona haya kunikaribia, asije akanigusa na manukato yake. Tukazungumza yeye akiwa ngazini na mimi mlangoni.

Idd iliyopita Bakr alinitoa matembezi mpaka kijiji cha Shela kwa miguu, nikalalamika njia nzima kwamba viatu vinaniuma. Laiti ningevivua.

Juni 12

Nimeshuka kuanza chupa ya tatu. Chupa zilizotumika nilikuwa nimeziacha chafu kwenye kidaka, karibu na mashine, kwa uvivu na uchungu. Nimezikuta safi zimepangwa kichwa chini juu ya kitambaa. Hadil huyo, Mwenyezi Mungu amzidishie. Nimetia poda moja kwa moja.

Harufu ya ubani katika chumba kile ni nzito mpaka kwenye kuta. Siisikii tena, nimezoea.

Juni 20

Chupa ya tatu imeondoka. Sijabadilisha chochote safari hii, sina wazo jipya. Nimeituma kama mtu anayepiga simu ambayo anajua haitapokewa.

Juni 26

Zimewaka!

Nicodemus alipiga akiwa anapiga kelele, nikadhani maabara imeshika moto. “Fungua picha! Fungua picha kwanza!” Nikafungua. Seli zote, moja baada ya nyingine, kijani kutoka ukingo hadi ukingo, kama chumba kilichowashwa taa. Vifuko havikuvuja kabla, amepima. Seli ziko hai, amepima. Vimeingia, vimefunguka, rangi imeenea.

Nilishuka ngazi mbiombio nikakuta hakuna mtu. Bi Fahima alikuwa anaswali. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaiwasha mashine, nikaiambia. Nimesema kwa sauti, “Bakr, zimefunguka,” na mashine ikaendelea kunong’ona, na furaha yote ikanishuka miguuni. Nilikaa sakafuni. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na mtu wa kuipokea hayupo.

Baadaye nilimwambia Bi Fahima. “Alhamdulillahi,” alisema. Akanitazama kidogo. “Sasa kula.”

Juni 28

Profesa mwenyewe amepiga simu. Nitazungumza mbele ya kamati kwa mtandao tarehe kumi na tano Julai, kutoka chumbani kwangu. Alisema sauti yangu inatosha, picha ya uso si lazima kwa hali yangu. Aliuliza nimebadilisha nini. Nikasema nimeboresha ukorogaji. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikuboresha chochote.

Julai 1

Mvua imekwisha. Kusi imekaza na nyumba ina baridi. Najaribu kuandika nitakayoiambia kamati na kila mara nakwama mahali pale pale: kwa nini ya tatu imefunguka?

Julai 4

Niandike kwa utaratibu, maana nimetikisika.

Alasiri Hadil alikuja na samaki. Nikamwambia, “Wifi, sijakushukuru kwa chupa.”

“Chupa zipi?”

“Ulizoniosha. Mwezi uliopita.”

“Mimi? Wallahi mimi sijagusa. Naogopa hizo vitu zako, nisije nikawaka.”

Alipoondoka nikashuka. Chupa tupu zilikuwa zimepangwa vile vile, kichwa chini juu ya kitambaa. Nikachukua moja, nikaitia puani, na kwa mara ya kwanza nikanusa kama mtu aliyetoka nje. Ilikuwa ubani mtupu. Nikapitisha kidole ndani ya kioo, kikatoka na utelezi mdogo, mafuta.

Nilijua papo hapo. Moshi wa ubani una mafuta yake. Mafuta yale yamebaki kwenye kioo, yameingia kwenye utando wangu, yamelainisha ngozi ya vifuko. Uchachu wa seli ulipovigusa, safari hii vimekubali. Si ukorogaji. Si mimi.

Nilikaa pale nikamngoja. Karibu na magharibi Bi Fahima aliingia na makaa. Alishtuka kuniona lakini hakusimama. Akatia ubani ndani ya chetezo, akachukua kuzi la udongo lililo pembeni, lile ambalo miezi yote nimelipita nikidhani ni pambo, akaligeuza kichwa chini juu ya moshi. Akalishika hivyo mpaka likajaa. Kisha akalitia maji, akafunika na kikombe cha bati, akaliweka juu ya meza ya kazi ya Bakr, upande wa kulia.

“La nani hilo, Mama?”

“La Bakr.” Alijibu kama nimemuuliza jina la mtaa. “Hanwi mai mengine. Tangu mtoto. Akirudi kazini, kwanda ni mai yake.”

“Na sasa?”

“Sasa hapana mtu ayanwaye. Asubuhi humwaia mwasumini, maua yake yanwe.” Akapangusa meza kwa kiganja, mahali palipo safi. “Mkono umezoea. Nilijaribu kuwata, nisifukize, baada ya siku tatu. Wakati ukifika mkono huenda wenyewe kwenye makaa.”

Nikamwonyesha chupa. “Na hizi?”

“Nikipita, mbwene zimekaa kwa mashini yake, zina tope. Si zombo zake za kazi? Nikaziosha. Nikazifukiza, zikae kama alivyopenda.” Kisha akaona uso wangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. “Nimekuharibia?”

Nilisema hapana. Nilitaka kumshika mkono lakini ulikuwa umeshika koleo la makaa.

Miezi yote hii nimekaa juu nikidhani moshi unanifuata mimi. Haukuwa na habari nami. Sheria imenipa miezi ya kuomboleza, chumba cha kuomboleza, wageni wa kuniambia pole. Yeye aliyemzaa ilimpa siku tatu, ya nne akaamka akapika. Hakuna aliyemuuliza kama anakula. Mimi mwenyewe sikumuuliza.

Julai 5

Nimemwambia Nicodemus. Akashusha sauti, jambo ambalo si desturi yake.

“Umemwambia nani mwingine?”

“Hakuna.”

“Basi sikiliza. Vimefunguka. Sikuota, nimeviona. Iambie kamati vimefunguka, utafiti usifungwe, halafu tukirudi tutatafuta sababu taratibu. Hakuna atakayeuliza chupa iliyooshwa na mamamkwe wako Lamu.”

“Profesa ameshauliza.”

“Ulimwambia nini?”

“Nimeboresha ukorogaji.”

“Si ndiyo hivyo.”

Ananitakia mema. Nikikaa kimya nina maabara ya kurudi, nina kazi, nina watu wa kunywa nao chai. Nikisema, nitatoka eda nikiwa sina mume wala kazi, na upweke wa hapa nitauhamishia Nairobi. Naogopa. Sijapata kuogopa hivi hata siku ya mazishi, siku ile sikuwa na nafasi.

Julai 6

Naogopa bado.

Julai 8

Nimempigia Profesa. Nilieleza yote: ubani, kuzi, kidaka, chupa zilizopangwa kichwa chini. Kwa Kiingereza ilisikika kama hadithi ya mtu mwenye homa. Na nikasema kwamba sikuboresha ukorogaji, kwamba lile nililitamka tu.

“Kwa hiyo hatujui kilichofunguka ni kifuko chako au ni uchafu,” alisema.

“Hatujui.”

“Basi siwezi kukupeleka mbele ya kamati, Saadiya.”

“Najua.”

“Umebakiwa na poda kiasi gani?”

“Ya chupa mbili.”

“Zitumie vizuri,” akasema, akakata. Hakusema ananiombea.

Julai 9

Nimelala mchana kutwa. Bi Fahima ameniletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikaumaliza. Hatukusema kitu. Haikuwa vibaya.

Julai 12

Nimemwambia Bi Fahima nahitaji anisaidie.

Chupa mbili, poda sawa, maji sawa, muda sawa. Moja safi kabisa, nimeichemsha na kuiosha kwa spiriti, nikaipeleka juu chumbani kwangu mbali na moshi. Nyingine ifukizwe kama alivyozifukiza zile.

“Ubani kadiri gani?” aliuliza.

“Vile unavyotia kila siku.”

“Sipimi. Hutia tu.”

“Basi leo tia, nami nipime.” Nikaweka mizani yangu ndogo mbele yake. Akatia, nikapima, akatoa, akasema si huo, akatia tena. Tulifanya hivyo mara nyingi mpaka akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana pengo upande mmoja, na anacheka kama Bakr, bega moja juu.

“Bakr alikinambia kazi yako ni zifuko zidogo hazonekani,” akasema. “Nikimwambia, mke wako yuwakuteza shere. Kitu hakionekani, chafungwa na nani?”

“Chajifunga chenyewe, Mama.”

“Na kufunguka?”

“Hapo ndipo tulipo.”

Akaigeuza chupa juu ya moshi, akaishika kwa vidole viwili kama alivyoshika kuzi, na macho yake yakajaa maji. Huenda ni moshi. Yangu hayakuwa moshi.

Julai 15

Kamati imekaa leo bila mimi. Saa ile ile nilikuwa nafua nguo.

Julai 16

Utafiti umefungwa. Nicodemus amehamishiwa kwenye kazi nyingine. Alisema hadubini bado ni yake jioni, nitume nilicho nacho.

Julai 23

Chupa mbili zimeondoka na Hadil, nimeziandika moja na mbili, Nicodemus hajui ipi ni ipi. “Safari hii zinanuka msikiti,” Hadil alisema ya pili ilipopita puani mwake. Nikamwambia asilitaje hilo kwa mtu yeyote wa Nairobi.

Agosti 1

Namba moja, vidoa. Namba mbili, zimewaka.

Safari hii Nicodemus hakupiga kelele. Nilipomwambia ya pili ni ipi, alisema polepole, “Ni ubani, Saadiya. Ni ubani kweli.” Na mimi nikashuka, hatua ya kawaida, nikamkuta Bi Fahima jikoni, nikamwambia yeye wa kwanza. Akauliza ni ile yake au ile yangu. Nikasema ni ile yake. Akaficha uso kwa ncha ya leso.

Agosti 6

Profesa ameandika. Utafiti haufunguliwi tena, kamati imekwisha kuamua. Ila anasema swali la namba mbili ni zuri kuliko lile nililoanza nalo, na nikirudi ana meza moja tupu na hana cha kuniahidi isipokuwa hiyo. Nimeisoma barua mara kadhaa. Ni kuanza mwanzo, peke yangu, kama mwanafunzi. Nitakwenda.

Agosti 11

Baridi. Nimemfundisha Bi Fahima kuwasha mashine. Anasema itamsaidia usingizi wa alasiri.

Agosti 17

Eda imekwisha. Asubuhi nilioga, nikavua nguo nilizokaa nazo msimu mzima, Hadil akazichukua kwenda kuzitoa sadaka. Ameniletea dera jipya na udi na amenipaka hina viganja viwili huku akiongea bila kupumua. Nimetoka mlangoni. Nilifika mpaka mwisho wa ujia, punda akanipita, jua likanipiga usoni, nikarudi. Mji ulikuwa vile vile, isipokuwa sasa hakuna kona ambayo Bakr anaweza kutokea. Kesho nitavuka na Hadil kwenda Mokowe kupanda basi.

Magharibi Bi Fahima alishuka na makaa. Nikamfuata chumba cha nyuma nikakaa kwenye kiti cha Bakr. Alilifukiza kuzi, akalitia maji, akaliweka juu ya meza upande wa kulia, akafunika na kikombe.

Nikachukua kikombe, nikamimina, nikanywa. Yalikuwa baridi, na ubani ukabaki nyuma ya ulimi. Hii ndiyo ladha aliyokuwa nayo mdomoni kila aliponipigia simu, na sikuijua. Nikamimina tena, nikanywa mpaka kuzi likawa jepesi mkononi.

Yeye alikuwa amesimama na koleo, makaa yanafifia, ananitazama.

“Nitie mangine?” aliuliza.

“Tia, Mama,” nikasema, na nikamsogezea kiti.